UZI: Reli imepita katikati ya Dodoma tangu 1910, kwanini hatuna treni ya mjini?

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, na wenyeji wangu wa Ugogo mbukwenyi.

Leo nimetoka ofisini Mtumba saa 9 na nusu kama watumishi wote, nimekuja kupanda gari saa 11 kasoro. Saa nzima na ushee nimesimama kwenye lile jua na upepo wa vumbi mnaoujua wenyewe, daladala inakuja imeshajaa, konda kaning'inia mlangoni anasema kuna nafasi nyuma, ukiangalia hiyo nyuma yenyewe kuna dumu mbili za alizeti na mama mwenye mtoto mgongoni kakaa juu ya dumu. Nauli anadai hujaingiza mguu wa pili.

Sasa tumefika maeneo ya Ihumwa tumesimama tunapakia tena (sijui alikuwa anapakia wapi), ikasikika honi ya treni upande wa kusini. Treni ya mizigo hiyo inaelekea mjini, yani inaenda kule kule mimi naenda, kwenye njia yake mwenyewe, haina foleni, haina trafiki. Ikapita. Baada ya hapo najua kabisa ile njia ilikaa tupu muda mrefu tu. Ndo nikasema leo lazima nishushe uzi.

Tuanze na historia kidogo, mtanivumilia. Mjerumani alianza kujenga Reli ya Kati pale Dar 1905, 1907 ikafika Morogoro, 1910 ikafika hapa Dodoma, 1912 Tabora, 1914 ikagonga Kigoma. Kabla ya reli hapa hapakuwa na mji wa kusema mji. Mji umeota kwa sababu ya stesheni, ndo maana ukisimama pale stesheni ya zamani upande mmoja una soko na maduka ya Uhindini, upande wa pili una Uzunguni, na ile hoteli ya zamani inatazamana na stesheni. Reli ndo mgongo wenyewe, nyama imekuja kuota pembeni.

Na huo mgongo umelala mashariki magharibi. Ukitoka mashariki unaanza na Kikombo, Ihumwa, unaingia Dodoma mjini, unatoka Zuzu, Kigwe, mpaka Bahi. Sasa angalieni watu wanajenga wapi miaka hii. Baada ya Magufuli kutangaza 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma kweli kweli (maana uamuzi wenyewe ni wa 1973, watu walikuwa wanauimba tu) mji wa serikali ukaenda Mtumba, stendi kuu na soko kubwa yakaenda Nzuguni, vyote upande wa mashariki. Sensa ya 2012 Dodoma mjini tulikuwa watu 410,956, sensa ya 2022 tukawa 765,179. Karibu mara mbili ndani ya miaka kumi. Na barabara ya kutoka mjini kwenda huko mashariki ni ile ile moja.

Hoja yangu ni fupi: mimi sidai reli mpya. Reli ipo. Kinachokosekana ni ratiba, mabehewa machache na vituo vya kushukia. Wenye uelewa karibuni, wenye matusi pia karibuni ila kwa staha.

#2 (Kijana wa Nkuhungu)

Uzi bila picha hauna mashiko. Anyway nimeweka kigoda hapa nasubiri wataalamu.

#3 (Mkonze One)

Mkuu unaishi mwaka gani? SGR (ile reli mpya ya kisasa) ipo, Mchongoko (treni yake ya umeme) upo, umeme upo, wewe unang'ang'ania njia ya Mjerumani. Waambie tu waongeze safari za SGR Mkonze mpaka Ihumwa kazi imeisha.

#4 (mleta uzi)

Mkuu wa Mkonze nilijua utakuja na hilo, na si wewe tu, kila nikiongea hii habari kijiweni naambiwa hivyo hivyo.

SGR mimi naipenda na naitumia. Tangu Julai 2024 ilipoanza kuja Dodoma mimi na basi la Dar tumeachana. Lakini ile ni treni ya safari, sio ya mjini, na tofauti haiko kwenye ukubwa wa injini. Angalia vituo vyake: ukitoka Igandu kinachofuata ni Dodoma, na Dodoma yenyewe iko kwako Mkonze, kinachofuata ni Bahi. Katikati hapo hakuna pa kushuka mtu wa Nzuguni. Halafu njia yote ina fensi, juu kuna umeme wa volti elfu 25, huwezi kuweka kituo cha mabati pembeni ukasema watu wapande. Na treni inayokimbia 160 kwa saa ukiisimamisha kila baada ya kilomita tatu unakuwa umeiharibia kazi yake na walio nyuma yake wote wanakungoja.

Treni ya mjini inataka vitu vya kinyonge kabisa. Isimame mara nyingi, iondoke haraka, milango iwe mingi, na mtu asihitaji kukata tiketi kwa kitambulisho siku moja kabla. Mtu wa kwenda kazini hataki siti ya dirishani, anataka kujua kwamba akiikosa ya saa 12 kuna ya saa 12 na nusu.

Na mfano tunao wa nyumbani. Waliokaa Dar wanaikumbuka treni ya Mwakyembe, ilianza Oktoba 2012 Mwakyembe akiwa waziri wa uchukuzi. Mimi nilikuwa naishi Tabata nikawa napandia Matumbi kushuka Stesheni, nauli mwanzoni ilikuwa shilingi 400 na mwanafunzi 100. Sasa kitu ambacho watu wengi hawakuzingatia ni hiki: haikujengwa reli mpya. Ile njia ya kwenda Ubungo Maziwa ilikuwa ya kupeleka mizigo viwandani, miaka yote imekaa nyuma ya nyumba za watu, watu wanaanikia nguo na watoto wanachezea mpira. Wakatengeneza njia, wakakarabati mabehewa na vichwa vya treni, wakaweka vituo vya kawaida, treni ikaanza. Upande wa TAZARA (reli ya kwenda Zambia) nako ikawa inaenda Mwakanga. 2016 wakaongeza ya Pugu.

Siku za mwanzo nakumbuka tunapita Buguruni, kijana kashika bendera nyekundu kwenye makutano ya reli na barabara, daladala zimesimama mstari mrefu zinatungoja sisi tupite, abiria wa kwenye daladala wanatuangalia na sisi tunawaangalia. Raha ile siwezi kuielezea. Miaka yote mimi ndo nilikuwa yule wa kwenye daladala.

#5 (Mzee wa Stesheni)

Vijana salaam. Mimi ni mstaafu wa reli, nimefanya kazi kwenye reli hii ya kati tangu enzi za Shirika la Reli la kwanza, nimekuwepo kipindi cha Wahindi waliokabidhiwa reli mwaka 2007, nimekuwepo serikali ilipoirudisha. Nimesoma uzi, kijana ameongea vizuri lakini amelainisha mambo.

Anasema njia inakaa tupu. Tupu kwa macho yako wewe uliye barabarani. Hii ni njia moja, treni za kwenda na za kurudi zinatumia chuma hicho hicho. Treni haitoki stesheni mpaka dereva apewe kibali kwamba kipande kinachofuata mbele yake hakina mtu, na kipande kinahesabika kutoka stesheni hadi stesheni. Kwa hiyo treni ya mizigo ikiwa imeshatoka Kikombo inakuja Ihumwa, hata kama wewe huioni wala huisikii, kile kipande ni chake. Treni yako ya ofisini itakaa Ihumwa kwenye njia ya pili inasubiri ipishane nayo. Ikichelewa mizigo, unachelewa wewe na bosi wako.

#6 (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Ahsante sana, na hapa ndo penyewe kabisa nilipotaka tufike, maana watu wakiongelea treni wanaongelea spidi na rangi ya mabehewa, hakuna anayeuliza zitapishana wapi.

Tufanye hesabu ya kijiweni. Tuseme kutoka stesheni ya mjini mpaka Ihumwa treni inatumia nusu saa ikisimama simama njiani. Kama katikati hapo hakuna pa kupishana, treni ikienda nusu saa na kurudi nusu saa maana yake kila upande unapata treni moja kwa saa, hata ununue vichwa 20 vitakaa yadi vinaangaliana. Lakini ukichimba njia ya pembeni moja tu katikati, pale Nzuguni mfano, treni mbili zinapishana hapo na unapata kila nusu saa. Njia ya pembeni ya mita mia tatu nne inafanya kazi ambayo vichwa 20 haviwezi.

Jambo la pili ni kugeuza kichwa, na hili nimeliona kwa macho yangu Ubungo Maziwa. Treni inafika, abiria tunashuka, kichwa kinakatwa kinaenda mbele, kinarudi kupitia njia ya pembeni, kinaenda kufungwa upande wa pili, jamaa anaingia katikati ya behewa na kichwa anafunga, anaunganisha mipira ya breki, breki zinajaribiwa, ndo muondoke. Wakati huo watu wamejaa ndani wanapigana vikumbo na joto la Dar. Sasa Mchongoko hauna hiyo shida kwa sababu una sehemu ya dereva mbele na nyuma, dereva anashuka huku anatembea anapanda kule safari inaendelea. Treni nyingi za mjini zilizofanikiwa duniani ni za aina hiyo.

Chukua Mumbai. Tarehe 16 Aprili 1853 treni ya kwanza ya abiria ilitoka Bori Bunder kwenda Thane, kilomita 34. Haikujengwa kama treni ya mjini hata kidogo, ulikuwa mwanzo wa reli ndefu ya kuingia bara, pamba na bidhaa zije bandarini. Mji ndo ukaja ukaota kufuata stesheni. Mnasikia hiyo? Ni Dodoma tupu hiyo, wao wametutangulia tu miaka hamsini na kitu. 1925 wakaanza kuweka umeme, wakaleta treni zenye dereva pande zote mbili, wakaongeza njia ili zile zinazosimama kila kituo zisiwe na njia moja na zile za haraka. Leo kabla ya saa za kazi treni zinafuatana kila baada ya dakika tatu nne na kwa siku wanabeba watu zaidi ya milioni 7. Watu wananing'inia milangoni na wanakufa kila mwaka kwa kuanguka, sisemi ni pepo. Ila angalia mfanyakazi wa kule anatembea na tiketi ya mwezi mfukoni, anajua treni yake ya saa ngapi, behewa la ngapi, na anakaa na watu wale wale miaka 20 mpaka wanachangiana harusi.

#7 (Dada wa Gulwe)

Mimi ni mtu wa Mpwapwa, kwetu Gulwe ndo stesheni. Samahani nawavurugia raha lakini kwetu ukitaja treni na breki watu wazima wananyamaza. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilishindwa mlima ikarudi nyuma kwa kasi ikagonga treni ya mizigo, watu 281 wakafa pale eneo la Igandu na Msagali. Mjomba wangu alikuwa kwenye behewa la mbele, alitoka mzima, mpaka leo hapandi treni, SGR ilipoanza tulimbembeleza akakataa akapanda basi. Kwa hiyo mnavyosema "mabehewa machache ya kukarabati" mimi nauliza yanakarabatiwa na nani na anayakagua nani.

#8 (Mzee wa Stesheni)

Binti yangu umeongea la maana kuliko wote humu. Siku ile sitaisahau, mengine siyaandiki hapa. Hili la breki halina mjadala na halina kubana matumizi, treni isiyojaribiwa breki haitoki hata kama waziri yuko ndani anaangalia saa.

#9 (Mtembezi wa Nairobi)

Wakuu mimi nilikuwa Nairobi kwa kazi. Wenzetu nao mji wao umezaliwa na reli, ilikuwa kambi ya reli tu 1899. Walifungua stesheni ya Syokimau 2012 mwaka ule ule wa Mwakyembe, halafu 2020 wakaleta treni za dizeli kutoka Hispania, zimetumika huko zikakarabatiwa. Zile ndo zina dereva pande mbili na injini iko ndani ya treni yenyewe, hakuna kichwa cha kukata. Na zinakimbia kwenye reli ile nyembamba kama yetu ya mita moja. Haihitaji umeme wala nini.

#10 (Kijana wa Nkuhungu)

Kwa hiyo sisi tuletewe treni ya mtumba ya kwenda Mtumba 😂😂 mimi nipo tayari nishikieni siti

#11 (Bajaji Kisasa)

Nyie wafanyakazi mnajipangia tu. Sisi wa bajaji na daladala mmetuhesabu wapi? Mikopo ya vyombo tunalipa kila wiki, mkileta treni mnataka tukale chuma cha reli? Afu nyie mtapanda miezi miwili ikiharibika mnarudi kwetu mnatuita kaka.

#12 (mleta uzi)

Nacheka kwa sababu la mwisho ni kweli kabisa.

Lakini kaka nikujibu kwa nilichokiona. Treni haikufikishi mlangoni. Pale Tabata ilipoanza ile treni waliopata hela wa kwanza ni bodaboda, treni ikisimama wanashuka watu mia tatu kwa mpigo na kila mtu anataka kwenda mtaani kwake. Kabla ya hapo walikuwa wanashuka mmoja mmoja barabarani. Stesheni ya Ihumwa na ofisi za Mtumba sio pua na mdomo, mtu akishuka pale na kiatu chake cha ofisini hawezi kutembea, anakuhitaji wewe. Tena safari fupi fupi, mafuta kidogo, abiria wengi kwa saa moja, halafu jioni tena. Mwenye daladala ya masafa marefu ndo ana haki ya kununa, na yeye sina jibu lake zuri.

Dada wa Gulwe sikuruki. Pole sana, na mjomba mpe salamu. Umenifanya nirudi kusoma nilichoandika nikaona neno "kukarabati" nimelitupa kama vile ni kupaka rangi. Mtu wa Nairobi kaleta njia nzuri zaidi kuliko yangu, treni yenye injini ndani, breki kila behewa, na hapa kwetu mjini ni tambarare sio ile milima ya kwenu. Lakini swali la nani anakagua linabaki pale pale na mimi mtu wa mafaili siwezi kulijibu.

Mzee wangu naomba kuuliza, zamani hapa Dodoma hakukuwahi kuwa na treni fupi fupi?

#13 (Mzee wa Stesheni)

Zilikuwepo za matawi. Kule Manyoni kuna tawi la Singida, kilomita 115. Huko nyuma zaidi enzi za Mwingereza na ule mradi wa karanga wa Kongwa, palikuwa na tawi linatoka Msagali linaenda Kongwa, karanga zikashindikana, reli ikang'olewa. Hiyo nilisimuliwa na waliotangulia, sikuiona.

Ila treni ya mjini rasmi haikuwepo. Isiyo rasmi ilikuwepo. Watu wa Kikombo na Kigwe walikuwa wanapanda ile ya kawaida ya Kigoma na Mwanza, wanakuja mjini na kuku, mkaa na zabibu, wanashuka, kesho yake au keshokutwa wanapanda ya kurudi. Ratiba yao ilikuwa treni yenyewe, ikichelewa saa sita nao wamechelewa saa sita, hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna aliyekuwa anasaini kitabu cha mahudhurio. Sasa wewe unasaini kitabu. Ndo ugumu uko hapo, njia ile ile haiwezi kumtumikia mwenye mizigo asiyejali saa na wewe mwenye saa, mpaka mmoja apewe kipaumbele asubuhi na jioni. Mizigo ikisimamishwa Kikombo kwa muda wa saa mbili kila asubuhi kuna mtu analipa. Hilo ndo la kwenda kuuliza huko kwenye ofisi zenu, msiulizie mabehewa.

Na kama mizigo mingi itahamia SGR kadiri siku zinavyokwenda, basi hii ya zamani itapumua. Hapo ndo nafasi yenu ilipo.

#14 (mleta uzi)

Mzee umemaliza. Nimechukua daftari nimeandika: njia ya kupishana Nzuguni, kipaumbele asubuhi na jioni, ukaguzi.

Jumamosi hii mimi na jamaa wawili tunataka kutembea kwa mguu kutoka stesheni ya zamani kufuata reli mpaka Ihumwa, tuhesabu barabara ngapi zinaikata reli, maeneo gani watu wamejenga karibu mno, na wapi pana nafasi ya kituo. Tunaanza saa 12 asubuhi kabla jua halijawaka. Anayetaka aje na maji yake na kofia.

#15 (Mkonze One)

Nakuja. Bado naamini SGR lakini nakuja.

#16 (Mzee wa Stesheni)

Kutembea ndani ya njia ya reli ni kosa na ni hatari, hata mimi mstaafu nikiwaona nitawafukuza. Piteni ile njia ya vumbi ya pembeni. Mkifika makutano ya barabara mkasikia honi simameni mbali, mizigo ikija haina pa kukukwepa.

#17 (mleta uzi)

Sawa mzee wangu, tutapita pembeni. Picha nitaweka Jumapili, Nkuhungu usinune.